Mbega kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo wa Kupiga Filamu ya Mgeni Mpole, Kutoka Handeni Hadi Korogwe

Filamu ya mgeni mpole ina kanuni, na kanuni yenyewe ni fupi. Anatokea mtu asiyefanana na wenzake. Hana ubaya na mtu. Ana kipaji. Watu wanamwogopa, kisha wanamtumia, kisha ama wanamfukuza ama wanampa cheo. Watazamaji wanalia kwa kwikwi, wanapangusa machozi, wanarudi nyumbani kumnunia mpangaji mpya.

Wamarekani walipiga ya kwao mwaka 1990. Tim Burton alimchukua Johnny Depp, akamvika ngozi nyeusi kuanzia shingoni hadi miguuni, akampa mikasi badala ya vidole, akaiita filamu Edward Scissorhands. Iligharimu kama dola milioni 20. Sisi tunayo yetu, ya zamani kuliko sinema yenyewe, na inasimuliwa bure: Mbega, mwindaji wa milima ya Nguu. Alizaliwa kigego, maana aliota meno ya juu kwanza. Ndugu zake wakamdhulumu urithi, akashika njia na mbwa wake, akavuka nyika na mto, akapanda Usambara akigawa nyama, akaishia kuwa mtawala wa Vuga na baba wa ukoo wa Wakilindi. Wanahistoria wanakadiria ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 18.

Hadithi ipo, milima ipo, nguruwe pori wapo. Kama una kamera moja, jenereta la kuazima na mjomba mwenye Noah, soma hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Tafuta mwenye hadithi

Utawapata wengi kuliko unavyohitaji. Ukianzia Kilindi, wilaya iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002, wazee watakuambia Mbega ni Mnguu, mtoto wao wa kumzaa. Ukishuka Handeni mjini utaelezwa kwamba Wanguu na Wazigua ni kitu kimoja, kwa hiyo jambo hilo lisikosekane kwenye bango. Ukifika Korogwe, Msambaa wa kwanza utakayekutana naye stendi atakukumbusha kwamba nyama ilikuwa ya Mbega, ila ufalme ulikuwa wao. Wote wasikilize, wote waitikie. Alipokuwa hai Mbega alinyimwa hata fungu la urithi wa baba yake. Mtu mpole akishakufa miaka mia tatu, hakosi ndugu.

Kisha soma. Kipo Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa UMCA huko Magila, Muheza, mwishoni mwa karne ya 19, halafu kikahaririwa na J. W. T. Allen na kutoka upya mwaka 1962. Kipo pia kitabu cha Steven Feierman cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, kinachoonyesha jinsi hadithi hii ilivyosukwa kwa jozi: nyama na ndizi, pori na nyumba, mwindaji na wakulima. Ukimaliza vyote viwili, fanya kama wafanyavyo wenzako: andika skripti usiku mmoja ndani ya basi.

Hatua ya 2: Kusanya vibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 inakutaka uwe na kibali kabla hujawasha kamera, na filamu ikiisha ikakaguliwe na Bodi ya Filamu. Hilo ni la Dodoma na Dar es Salaam. Huku chini kuna ofisi ya wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mwenye shamba, mke wa mwenye shamba, na mzee mmoja asiye na cheo chochote ambaye asiposalimiwa shughuli nzima inakwama na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Mbega alikatiza nchi yote hii bila karatasi. Angekuja leo angeambiwa alete barua ya utambulisho kutoka kwao, yenye muhuri. Kwao ni kwa ndugu wale wale waliomtimua. Hapo filamu ingekuwa imekwisha, tena ndani ya bajeti.

Hatua ya 3: Chagua stelingi

Mgeni mpole haongei sana. Edward, filamu nzima, hafikishi maneno mia mbili. Kwetu hili ni tatizo la kitaalamu. Muigizaji akipewa skripti hupekua kurasa kuhesabu mistari yake, na akiona sini tatu mfululizo imeandikwa "Mbega anatazama," atakupigia simu kuuliza kama umegombana na mtu wa familia yake.

Watazamaji nao wamelelewa kwenye vibanda umiza, mbele ya watafsiri wa aina ya Lufufu, ambao hawakubali mtu apite kwenye skrini akiwa kimya. Edward angeingizwa kibanda umiza cha Manundu angetoka ameongea saa nzima, ametongoza, ametukana, ameeleza na bei ya mikasi.

Ushauri: usimchukue mrembo wa Dar mwenye wafuasi. Atakuja na nywele zake, simu zake na rafiki yake mmoja asiye na kazi maalumu. Nenda mnadani Handeni ukakae chini ya mti uangalie watu wanavyopatana bei ya mbuzi. Yupo kijana pale anayeshika kamba ya mbuzi wa mwenzake, haongei, anaangalia mdomo wa muuzaji na mdomo wa mnunuzi. Akiulizwa bei anaangalia chini na kumpapasa mbuzi shingoni. Huyo ndiye. Shida yako itakuwa kumshawishi mama yake kwamba filamu si uhuni.

Kumbuka pia kanuni ya kibanda umiza: stelingi hafi. Kwa bahati, Mbega anafika mwisho wa filamu mzima. Kwa bahati mbaya, hapigi mtu hata teke moja, na hilo watazamaji hawatalisamehe kirahisi.

Hatua ya 4: Tengeneza alama yake

Edward ana mikono ya mikasi, kazi ya fundi Stan Winston. Ukiona bango tu, umeelewa: huyu si mwenzetu. Mbega ana nini? Meno. Tena si meno ya ajabu. Ni meno kama yako, isipokuwa yalikosea foleni alipokuwa mchanga.

Wazo la kwanza la dairekta yeyote litakuwa kupiga picha kinywa cha mtoto. Sahau. Hakuna mama kati ya Mkata na Mombo atakayekuazima mwanawe aje kuitwa kigego mbele ya kamera, hata kwa mchezo, hata kwa posho nzuri. Imani kwamba kigego huleta nuksi iliua watoto wengi katika nchi hii na pwani yake. Baba yake Mbega hakumtoa auawe. Wazo la pili litakuwa kumbandika muigizaji meno ya plastiki. Atafanana na fisi, na Kizigua chake hakitaeleweka.

Sasa angalia ulichonacho. Mbega mtu mzima amesimama mbele yako, meno yote yako mahali pake. Alama yake haipo mwilini. Ipo midomoni mwa ndugu zake: mtoto wa fulani kafa, ni yeye, mvua imekawia, ni yeye, tulisema tangu mwanzo. Mekapu haihitajiki. Geuza kamera uwapige wanaosema. Weka kinamama wawili wanaopeta mahindi, mmoja aseme nusu ya jambo, mwingine asimamishe ungo hewani kidogo, kisha aendelee kupeta. Umepata alama nzuri kuliko mikasi, na gharama yake ni kilo mbili za mahindi ambazo jioni mtazipika.

Hatua ya 5: Amua hiyo nyama ni ya nini

Hapa ndipo watayarishaji wengi hufunga begi. Kipaji cha Mbega ni kuua nguruwe. Si swala, si pofu. Nguruwe ndio waliokuwa wakimaliza mashamba, na hata rafiki yake wa Kilindi, mtoto wa mkubwa, alikufa kwenye uwindaji wa nguruwe, ndipo Mbega akalazimika kukimbia tena. Nyama hiyo aliigawa, Wasambaa wakampa ndizi na unga, urafiki ukaanza.

Sasa piga filamu hiyo Handeni, ambako nusu ya waigizaji wako wa ziada wametoka msikitini. Siku ya kwanza shekhe atapita taratibu na kuuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo nyama kwenye chungu ni ya nini?" Usimjibu kwamba ni sanaa. Mwambie ni ya mbuzi, na iwe ya mbuzi kweli, maana ataomba kuonja.

Usije ukafanya hila ya kumgeuza nguruwe kuwa swala ili kila mtu aridhike. Swala hang'oi mihogo usiku. Mkulima wa Sindeni aliyelala dungu msimu mzima akipiga debe anajua anamwogopa nani. Ukimwondoa nguruwe umeondoa shida ya wenyeji, na ukiondoa shida ya wenyeji, hawana sababu ya kumkaribisha mtu. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu, aliwaandika nguruwe wakaandikika. Na wewe wapige picha kwa mbali, gizani, wakikoroma. Sauti ya kukoroma ni ya mjomba mwenye Noah, akilala.

Hatua ya 6: Lokesheni

Handeni itakupa vumbi jekundu, vichaka na jua lisilo na huruma. Depp alitaabika kwa joto la Florida ndani ya mavazi yake ya ngozi. Mbega wako amevaa ngozi ya mnyama, jua likiwa la Handeni. Piga alfajiri, lala mchana, piga tena saa kumi jioni. Usijaribu sini ya mvua ya bandia. Maji ya Handeni yana historia ndefu ya kusubiriwa, yakitoka Korogwe kwa bomba la HTM. Ukifungulia boza ili Mbega alowe, wenye madumu watafika kabla hujasema "akisheni," na haki itakuwa yao.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni lami, kilomita 65. Mbega alikwenda kwa miguu, kwa hiyo mpige akitembea pembeni ya barabara ila mgongo wa kamera uwe kwenye lami, na mtu mmoja awe na kazi ya kuwasimamisha bodaboda. Hawatasimama. Ukifika mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, mvushe stelingi kwa uangalifu. Mamba wa mto ule hawajawahi kuombwa kibali na hawatambui cha Bodi.

Korogwe utapata kitu ambacho Burton alikitamani: theluji. Filamu yake inaanza na kumalizika na theluji, wakati ilipigwa Lutz, Florida, nchi ya joto. Ilibidi itengenezwe. Wewe nenda shamba la mkonge, uwanja wa kuanikia nyuma ya korona, mtambo wa kuchakata majani ya mkonge. Singa nyeupe zimetundikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, mpaka macho yanauma. Upepo ukipita zinacheza zote kwa pamoja na nyuzi nyepesi zinapeperuka hewani, zinatua kwenye kope na kwenye mabega ya stelingi. Hiyo ni theluji yako, na haiyeyuki. Wala usione haya kuwaiga Wamarekani: miche ya kwanza ya mkonge Dokta Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida hiyo hiyo mwaka 1893. Ilitoka elfu moja, ikafika hai 62. Hao nao walikuwa wageni, na tuliwakaribisha walipoanza kuuzika.

Ukiwa hapo shambani, uliza wazee babu zao walitoka wapi. Utasikia Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji. Ni watoto wa manamba, vibarua walioletwa kukata mkonge, wengi wao kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Walikuja na mkataba, wakapewa kitanda na mita za kukata. Hakuna aliyewapa ufalme.

Rudi Handeni uone na wengine. Kuna Chogo, makazi ya Wabantu wa Somalia ambao mababu zao walitoka Uzigua katika karne ya 19. Vita vya Somalia vikawarudisha, wakashuka wakiwa bado na Kizigua chao mdomoni, na bado ikabidi waitwe wakimbizi. Kuna Msomera, ambako tangu Juni 2022 wamefikia wafugaji waliotoka Ngorongoro, wakapewa nyumba za vyumba vitatu zinazofanana moja na nyingine. Burton ilimbidi apake rangi mtaa mzima wa Lutz ili nyumba zipangike hivyo. Hao wote usiwatumie kama mandhari ya Mbega. Wana hadithi zao, na wana midomo ya kuzisimulia. Wape namba ya mwenye kamera, basi.

Hatua ya 7: Simba

Karibu na Vuga, Mbega anaua simba, na ndipo anapoitwa Simba Mwene. Bila simba huna bango. Njia ni tatu. Ya kwanza ni simba wa kweli: Mkomazi ipo jirani, wanyama wapo, ila simba hasubiri taa. Ya pili ni simba wa kompyuta: fundi wake yupo Sinza, atakuahidi wiki mbili, na baada ya miezi sita atakuletea kitu chenye miguu mitano. Ya tatu ni simba wa gunia, watu wawili ndani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma atadai posho sawa na wa mbele, kwa hoja kwamba yeye ndiye anayeteseka. Mlipe, hoja yake ni ya haki.

Ila kuna njia ya nne. Usimwonyeshe simba kabisa. Waonyeshe watu wa Vuga wakiitazama maiti yake, kisha wakimtazama Mbega, kisha wakitazamana. Hapo ndipo wanapopiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo filamu.

Hatua ya 8: Mwisho

Wote wawili, Edward na Mbega, huishia juu mlimani. Edward amefukuzwa, yuko peke yake kwenye jumba bovu, mji ukiamini amekufa. Mbega amekaa kwenye kiti, ana mke, ana watu wa kumwinamia. Mtayarishaji wako atakuuliza: kwa nini yule alifukuzwa na huyu akatawazwa, wakati wote ni wapole?

Mjibu kwa hesabu. Edward alinyoa nywele za kinamama, akapunguza na miti ya bustani. Nywele zikishanyolewa shukrani imekwisha, na mtaani kuna saluni. Nguruwe hurudi kila mahindi yanapobeba. Tena Mbega anasifiwa kwa kuamua mashauri, na mgeni hufaa sana kwa kazi hiyo: shamba lake halipakani na la mtu, dada yake hajaolewa kwa hao wala kwa wale. Upole wake ulikuwa nyongeza tu. Methali yetu haifichi mambo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hajavua hata viatu, ameshapangiwa wagonjwa.

Kwa hiyo usimalizie kwa hotuba ya upendo. Malizia kwa mkulima anayeuliza, sherehe za kumtawaza zikiwa zinaendelea, kama mfalme mpya ataendelea kuwinda mwenyewe au atatuma watu. Swali hilo litakusaidia pia kibiashara, maana soko la Bongo Movie lilizoea filamu ya sehemu ya kwanza na ya pili. Ya pili inahusu Buge, mwanawe, ambaye si mgeni tena, kwa hiyo atapata maadui wa kawaida.

Hatua ya 9: Uzinduzi

Zindua Korogwe, Ijumaa usiku, ili Handeni wapate usafiri. Weka viti vya mbele kwa wakubwa na nyuma uwaachie watoto, ambao ndio watakaocheka mahali panapostahili. Andaa kipaza sauti cha akiba. Mgeni rasmi ataeleza kwamba filamu inaonyesha umuhimu wa kuvutia wawekezaji. Usimkatize.

Taa zikiwaka, simama mlangoni uwasikilize wanavyotoka. Fundi cherehani atakuambia ile habari ni yake, kwao hawakumthamini. Mwalimu atakuambia hivyo hivyo. Mwenye duka la jumla, aliyemnyima shemeji yake kiwanja, atakushika mkono kwa machozi na kusema hata yeye alifanyiwa hivyo hivyo. Utapokea akina Mbega mia tatu na kitu usiku mmoja. Ndugu zake Mbega hutamwona hata mmoja, ingawa tiketi ziliisha tangu saa kumi.